Kabati la Moshi

Mke wangu alikwenda Kinyerezi kumlea binti yetu aliyejifungua, na mimi nikabaki Madale na kabati la mafaili. Kabati nililinunua baadaye, lakini nikikumbuka kipindi kile naona kama vyote viwili vilianza siku moja.

Mila inajulikana. Binti akijifungua, mama anafunga mzigo, anakwenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia mtori na kumwogesha mtoto mpaka arobaini itimie. Ikitimia, anarudi kwa mumewe. Nilimsindikiza mke wangu kituoni nikiwa na furaha ya babu mpya, nikamwambia asinijali, chai najua kupika. Arobaini ikatimia. Kisha likizo ya uzazi ikaisha, binti akarudi kazini, na dada wa kazi waliyemleta akaonekana anaijali zaidi simu kuliko mtoto. Mama akaombwa asogeze mbele kidogo. Akasogeza. Mvua za vuli zikaja zikapita, yeye bado anasogeza.

Mtu atauliza kwa nini nisimfuate. Madale na Kinyerezi ni Dar moja, na umeme ninaoutumia huenda unatoka huko huko aliko mke wangu, kwenye mitambo ya gesi. Lakini kwetu Mara baba halali kwenye nyumba aliyoolewa binti yake. Unakwenda mchana, unakaa sebuleni, unakunywa soda, unamsifu mtoto, unaondoka jua likiwa bado juu. Mkwe wangu ni kijana mzuri asiyezijua mila hizo. "Mzee, lala tu, chumba kipo," ananiambia kila mara. Namjibu kwamba nina kuku wa kufungia bandani. Sina kuku.

Basi nikawa naishi peke yangu kwenye nyumba tuliyoijenga kwa ajili ya uzee wetu wa watu wawili. Nilikuwa mwalimu wa fizikia kabla sijastaafu, na mwalimu hazoei kunyamaza. Siku nyingine jua lilikuwa linazama ndipo nagundua kwamba tangu asubuhi sijatamka neno, ukiacha kumfokea bata wa jirani. Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi sasa, kwa sababu wakati ule nililiita jambo hilo kazi.

Kazi yenyewe ilitokana na samaki. Mke wangu alikuwa akibanika samaki nyuma ya jiko, kwenye pipa lililokatwa, chanja ya nyavu juu na maranda yanayofuka chini. Sato wake walijulikana mpaka Tegeta. Akina mama wa kanisani walikuwa wakiagiza kabla hata hajawanunua. Ila moshi ulimkaa kifuani. Alikuwa akikohoa wakati wa kubanika, baadaye akawa anakohoa hata siku zisizo za kubanika. Siku moja nilipompigia binti yangu kuuliza mama yake anarudi lini, akanijibu kwa upole wa watoto waliokwisha kuamua.

"Baba, mama akirudi huko anarudi kwenye moshi. Kifua chake unakijua."

Nilikata simu nikiwa nimefurahi, maana hatimaye nilikuwa nimepewa tatizo. Tatizo ni moshi. Basi nitatengeneza kitu kinachobanika samaki chenyewe, mlango umefungwa, mtu amekaa zake sebuleni. Moshi ukiondoka, sababu ya Kinyerezi itaondoka nayo. Niliona jambo hilo limenyooka kama hesabu ya ubaoni, na hakukuwa na mtu karibu wa kuniuliza kama nimesoma swali vizuri.

Kabati lilitoka kwenye ofisi iliyofungwa. Lilikuwa la chuma, la kijivu, lenye droo nne na alama za mateke. Nilikwangua rangi yote ya ndani, kwa sababu rangi ikipata moto inatoa harufu, na harufu ikishaingia kwenye samaki haitoki. Nikakata vitako vya droo tatu nikaweka wavu, samaki walale hapo. Droo ya chini nikaiwekea koili ya jiko la umeme, juu yake kikaango kikuukuu chenye maranda ya mpera. Nikatoboa ubavu nikaingiza kihisi joto, kijiti chembamba cha chuma chenye waya. Nje nikafunga kikompyuta cha Kariakoo kisichozidi kiberiti, kinachosoma joto la ndani na kuamua kuwasha au kuzima koili. Kilikuwa na skrini ndogo yenye namba mbili: joto nililoagiza na joto lililopo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzifanya namba hizo mbili zifanane.

Hazikufanana. Nikiagiza nyuzi themanini, kabati lilipanda mpaka mia na zaidi, likazima, likaporomoka mpaka sitini, likashtuka, likapanda tena. Samaki wa kwanza walitoka wameungua ngozi na wabichi mfupani. Mimi niliyefundisha habari za joto mpaka nikapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, nilishindwa kulituliza joto la kabati.

Kanuni inayoendesha vitu hivi ina namba tatu ambazo lazima uzipange mwenyewe, na hakuna anayeweza kukupa zako, kwa kuwa kila kabati lina tabia yake. Namba ya kwanza inatazama sasa hivi: tumepungukiwa kiasi gani? Ya pili inakumbuka: tumekuwa tukipungukiwa tangu lini? Ya tatu inakisia: kwa mwendo huu tunaelekea wapi? Nilizipa majina yangu. Leo, Jana na Kesho.

Unabadilisha namba moja, kisha unasubiri. Hapo pa kusubiri ndipo nilipokuwa naharibu. Chuma kinachelewa kujibu. Unaongeza Leo kidogo, skrini inakaa kimya, unadhani hujaongeza vya kutosha, unaongeza tena, na majibu ya mara zote mbili yanakuja kwa pamoja. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwapiga marufuku kugusa chombo kabla usomaji haujatulia. Mimi hakukuwa na wa kunipiga marufuku.

Simu nazo nilikuwa napiga hivyo hivyo. Namuuliza mke wangu asubuhi atarudi lini, ananijibu, "Tutaona, Mwalimu." Hivyo ndivyo anavyoniita tangu tulipooana, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa utani. Jibu hilo likinikera napiga tena mchana kuuliza "tutaona" maana yake nini. Akaanza kuchelewa kupokea. Kisha akawa hapokei, ananitumia ujumbe kwamba alikuwa anamlaza mtoto.

Jirani yangu wa karibu ni mchonga vinyago kutoka kusini, mtu mpole kupita kiasi. Yeye ndiye aliyekuwa akinikusanyia maranda ya mpera na ya mwembe kwa mafundi wenzake, kwa kuwa mpingo wake mwenyewe alisema vumbi lake halifai kwenye chakula. Nami nikawa nampelekea samaki kila nikimaliza kujaribu.

"Shikamoo, Mwalimu. Wale wa leo wazuri sana."

"Marahaba. Na wa juzi?"

"Na wa juzi wazuri."

"Wa juzi walikuwa mkaa."

"Wazuri tu, Mwalimu. Sie tumewala na ugali, wameisha."

Mtu wa namna hiyo hafai kuonjeshwa kitu. Nilirudi kwangu na sahani tupu na hasira ambayo jirani hakustahili. Mke wangu angeonja mara moja akasema hii ni soli ya kiatu, nami ningejua pa kuanzia. Nilimkosa mtu wa kunikosoa. Chakula na mazungumzo nilikuwa najitafutia, lakini kukosolewa na mtu anayekupenda hakuna unapoweza kujitafutia.

Kosa moja nililigundua mwenyewe, tena kwa aibu. Kihisi nilikuwa nimekiweka chini karibu na koili, kwa sababu huko tundu lilikuwa rahisi kutoboa. Kwa hiyo muda wote nilikuwa nikipima jiko, sipimi samaki. Nikakihamishia droo ya kati, kikakaa katikati yao. Mambo yakawa afadhali. Nikaanza kuota mke wangu amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, miguu ameinyoosha, anapumua hewa safi huku samaki wakijibanika.

Kisha likaja suala la umeme. Huku kwetu umeme una safari zake, na kikompyuta kikizimika kilikuwa kinasahau mipangilio yote. Nikakifungia betri ya akiba, ile ya kuchajia simu, ili kikeshe macho hata umeme ukiondoka. Nilijiona mjanja. Mchana mmoja umeme ukakatika samaki wakiwa ndani. Koili ikapoa, kabati likapoa, nami nikaenda kujilaza kwenye kochi. Uliporudi niliamshwa na harufu. Skrini ilikuwa imepita themanini, imepita mia, inaendelea kupanda, na koili bado inawaka. Nilidhani swichi imeganda. Nikachomoa waya nimeziba pua kwa kola ya shati, nikavuta droo, nikawakuta sato wamegeuka mkaa wa kuchorea ukutani.

Swichi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye Jana. Umeme ulipokuwa umeondoka, koili haikuweza kufanya lolote, lakini kikompyuta kilikuwa macho kinahesabu: tumepungukiwa, bado tumepungukiwa, bado. Upungufu wote wa muda ule kikaujumlisha. Umeme uliporudi kikawa kinalipiza. Hakikujali kwamba joto limeshafika tulipotaka. Kilikuwa bado na yale ya gizani. Wenye fani wana jina lao la jambo hili. Mimi nililiita kinyongo, na sijaona jina linalolifaa zaidi.

Tiba yake ilikuwa maneno machache kwenye programu: umeme usipokuwepo, Jana isihesabu, na hata ukiwepo, isikusanye kupita kiasi fulani. Nikaongeza na kamba ya subira kwangu mwenyewe, kila nikibadilisha namba nilikwenda kufua nguo au kufagia uwanja kabla ya kuitazama skrini tena. Uwanja haujawahi kuwa msafi vile. Na mchana mmoja nikarudi na fagio mkononi nikakuta namba mbili zinafanana. Nikangoja zipishane. Hazikupishana. Chini themanini, juu themanini, tena kwa utulivu wa mtu aliyekula akashiba.

Nilitazama huku na huku nikitafuta wa kumwonyesha. Nikaipiga picha skrini nikamtumia mke wangu. Baada ya muda akanijibu kwa picha ya mjukuu akiwa amefunua ufizi wenye meno mawili ya kwanza. Nikamwandikia hongera. Naye akaandika hongera. Kila mmoja alikuwa na habari kubwa, na mwenzake hakuwepo.

Alikuja Jumamosi. Binti alikuwa na mapumziko, akamwambia mama yake aende akamwone baba. Hakuniambia anakuja saa ngapi, na mimi nilikuwa uani mbele ya kabati niliposikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Sauti niliijua. Lakini mdomo una mazoea yake, hodi ikipigwa unajibu wenyewe.

"Karibu," nikasema.

Nilipofika sebuleni nilimkuta bado amesimama kizingitini na mkoba wake. Tukatazamana. Mke hapigi hodi kwake. Anasukuma mlango, anaingia, anauliza kwa nini vyombo havijaoshwa. Na mume hamkaribishi mkewe, atamkaribishaje kwenye chake? Sote wawili tulikuwa tumesikia tulichosema, na hakuna aliyesahihisha. Akaketi kwenye kochi la wageni, nami nikamletea maji kwenye glasi iliyowekwa juu ya kisahani. Akasema asante.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyakusanya kwa miezi, mengine nimeyafanyia mazoezi kwa sauti wakati wa kufua. Nilitaka kumuuliza kama ameolewa na mimi au na mjukuu. Nilitaka kumuuliza arobaini ya Kinyerezi huwa na siku ngapi. Nilifungua mdomo, nikamwona alivyokaa na mkoba mapajani, amechoka, nywele zimeongeza mvi ambazo sikuwepo zilipoota. Nikaikumbuka ile koili iliyokuwa ikiendelea kuwaka wakati joto limeshafika.

"Njoo uone kabati," nikasema.

Nikavuta droo ya kati. Sato walikuwa wekundu wa kahawia kuanzia kichwani hadi mkiani, hakuna aliyepasuka. Akamvunja mmoja shingoni, akamnusa, akala amesimama, taratibu, macho yakitazama ukuta wa jirani.

"Chumvi imezidi kidogo," akasema. Akamega tena. "Lakini umeweza, Mwalimu. Kwenye pipa hata mimi siwatoi hivi."

Nilikuwa nimengoja sana sentensi hiyo, na ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Nikaanza kumweleza yote, Leo na Jana na Kesho, kinyongo na tiba yake. Nikamwonyesha kwamba moshi hautoki, kifua chake hakitasumbuka tena. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza swali moja.

"Na mtu akitoka akaliacha?"

"Linajiendesha," nikasema kwa majigambo. "Hata usipokuwepo, lenyewe linaendelea."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akajifuta vidole kwenye khanga.

"Basi nashukuru. Nilikuwa silali vizuri nawaza huku unakula nini, unajifanyia nini. Sasa nina amani. Mtoto akianza kutembea ndipo tutaangalia."

Nilijipalia makaa mwenyewe. Nilitengeneza kitu cha kumwondolea sababu ya kukaa kule, kumbe nimemwondolea sababu ya kurudi huku. Moshi haukuwa tatizo hata siku moja. Tatizo lilikuwa mtoto mchanga, mama wa mtoto anayetoka nyumbani alfajiri, na bibi mwenye huruma, na kwa hayo hakuna kihisi kinachouzwa Kariakoo. Nilirudisha droo ndani nikasema ni vizuri.

Jumapili tulikwenda kanisani. Akina mama walimzunguka wakimpa mikono na kumwambia, "Karibu sana, mgeni wetu," naye akicheka. Alasiri alinipikia, akapanga makabati ya jikoni namna yake, akapiga deki. Nilimtazama akifanya hayo nikiwa na matumaini ya kijinga. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, yaani siku ya tatu si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani, afanye kazi kama wengine. Katika umri wangu wote sikuwahi kuitamani siku ya tatu ya mtu kama nilivyoitamani ile. Jembe letu liko pale pale nyuma ya jiko, mpini wake umelainishwa na mikono yake kuliko yangu.

Lakini Jumatatu binti alikuwa na kazi. Kabla hakujapambazuka vizuri mke wangu alikuwa ameshafunga mkoba. Nikamfungia sato kwenye gazeti, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu. Nikamsindikiza mpaka kituoni, kwa kuwa mgeni husindikizwa. Nikamwambia awasalimie wote. Nilirudi nikipanda kilima cha Madale nikiwa nimetimiza adabu zote za mwenyeji, hata moja haikupungua, na nililia kidogo njiani kabla watu hawajawa wengi.

Wiki ile nilibanika tena. Hakukuwa na cha kurekebisha. Nilikaa kando ya kabati hata hivyo, kwenye kiti cha plastiki nilichokuwa nimemkusudia yeye. Alasiri simu ikalia.

"Kabati linaendeleaje?" akauliza.

Nikaitazama skrini. Themanini juu, themanini chini.

"Limeanza vituko," nikasema.

"Vituko gani tena?"

"Linapanda, linashuka. Halitulii. Linataka mtu."

Nyuma yake mjukuu alikuwa anagonga kijiko kwenye kitu cha bati.

"Si ulisema linajiendesha?"

"Nilisema."

"Sasa linataka mtu gani, fundi?"

Watu wa umri wangu hatukufundishwa maneno hayo. Vijana wanaambiana kutwa kwenye simu. Sisi tuliposa kupitia kwa wajomba na mengine tukaachia matendo. Nikamngoja mjukuu apumzike na kijiko chake.

"Kabati ni zima," nikasema. "Ni mimi. Nimekukumbuka mpaka nashindwa kukaa humu ndani."

Kimya kilikuwa kirefu, na mara hii sikuongeza kitu. Niliacha usomaji utulie.

"Nimekusikia," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nitaongea na mwanao. Watafute dada mwingine, mtu mzima. Siahidi, Mwalimu, lakini nitaongea."

"Ukija, usipige hodi."

"Na wewe usiniambie karibu," akasema. Kwa hiyo naye siku ile lilimwuma.

Hajaja bado. Wanasema dada mmoja wa makamo amepatikana, wanamtazama kwanza. Mimi kila siku nafungua mlango wa mbele asubuhi, nauegesha tu, usikwame mtu akiusukuma. Jirani anakuja kufuata samaki wake, wauza maji wanapita, watu wa jumuiya wanapita. Wote wana adabu zao, wote wanaanza kwa hodi. Nami naitikia karibu kutoka uani bila hata kuinuka, kwa sababu tangu siku ile, nikisikia hodi, najua si yeye.